Jibu kwa mwalimu: Namna ya kufundisha Katiba na kazi ya mahakama kwa kutumia kesi za kweli

Swali: Mimi ni mwalimu wa Historia na Uraia katika shule ya kutwa hapa Nairobi. Wanafunzi wangu wa Gredi ya 10 wananitajia mahakama zote, kuanzia kwa hakimu hadi Mahakama ya Juu, bila kukosea. Lakini nilipowauliza ni kwa nini mahakama inaweza kufuta sheria iliyopitishwa na wabunge tuliowachagua wenyewe, darasa lilinyamaza, kisha mmoja akasema, "Kwa sababu majaji ni wakubwa kuliko wabunge." Ningependa kutumia kesi za kweli, ila mkuu wa shule anahofia kwamba nitaleta siasa darasani. Nianzie wapi?

Jibu: Asante kwa swali lako, Mwalimu. Mwanafunzi huyo hakukosea kwa uvivu. Tumewafundisha watoto ngazi za mahakama kwa miaka mingi, na mtoto aliyefundishwa ngazi peke yake hana budi kufikiri kwamba aliye juu ndiye mwenye amri. Katiba yetu haisemi hivyo. Kifungu cha 1 kinaweka mamlaka yote mikononi mwa wananchi wa Kenya, kisha kinaeleza kwamba mamlaka hayo yamekabidhiwa vyombo mbalimbali: Bunge na mabunge ya kaunti, serikali kuu na serikali za kaunti, na Idara ya Mahakama pamoja na mabaraza huru ya kuamua mizozo. Kifungu cha 2 kinatamka kuwa sheria yoyote inayokinzana na Katiba ni batili kwa kadiri inavyokinzana nayo, na Kifungu cha 159 kinarudia kwamba hata mamlaka ya kuhukumu yanatoka kwa wananchi. Kwa hiyo jaji anayefuta sheria hajidai kuwa mkubwa kuliko mbunge. Anachosema ni kwamba mbunge na yeye mwenyewe wamekabidhiwa kazi kwa masharti, na kwamba katika jambo lililoletwa mbele yake masharti hayo hayakufuatwa.

Hapo hapo waeleze wanafunzi mipaka ya jaji, kwa sababu ndiyo inayoeleza kazi yake vizuri kuliko ukubwa wa jengo analokaa. Jaji hawezi kuamka asubuhi, akasoma gazeti, akaifuta sheria asiyoipenda. Ni lazima mtu alete malalamiko mahakamani. Hawezi kuamua kabla ya kumsikiliza na yule anayelalamikiwa. Tena ni lazima atoe sababu zake kwa maandishi, hadharani, ili aliyeshindwa aweze kuzisoma na kuzipeleka kwa majaji wengine wazichambue. Mbunge anaweza kupiga kura ya "ndiyo" au "la" bila kumweleza mtu yeyote kilichomsukuma, ilhali jaji hana ruhusa hiyo. Mwanafunzi akishika jambo hili moja, kwamba mahakama ni mahali ambapo kila mwenye mamlaka hudaiwa sababu, akiwemo jaji mwenyewe, mengine yote yatapata pa kukaa.

Ushauri wangu basi ni kwamba uanze na mzozo, na ngazi za mahakama zije baadaye, pale mzozo wenyewe utakapozihitaji.

Kwa kipindi cha kwanza ningechagua kesi ambayo kila mtoto wa Nairobi anaweza kuona mahali pake kwa macho. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, mradi wa shirika la magazeti lililofungamana na chama tawala cha wakati huo. Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi huo uzuiwe. Kesi yake ilitupwa kabla hoja zake kuhusu bustani hazijapimwa, kwa maelezo kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko wakazi wengine wa jiji. Wasomee wanafunzi maelezo hayo, halafu uwaulize: kama bustani ni ya watu wote, na hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kuitetea peke yake, ni nani atakayeitetea? Wape muda wa kutosha, wala usiogope kimya. Baadaye mradi huo uliachwa kwa sababu ya shinikizo la ndani na nje ya nchi, na mahakama haikuwa na mkono katika kuuzuia, jambo ambalo wanafunzi wanapaswa kulijua pia.

Baada ya hapo ndipo wafungue Kifungu cha 22 na Kifungu cha 258. Wataona kwamba leo mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kwa niaba yake, kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, kwa niaba ya kundi, au kwa manufaa ya umma. Wataona kwamba hakuna ada inayotozwa kufungua kesi ya kudai haki zilizo katika Sura ya Nne, na kwamba mahakama inaweza kupokea hata maandishi yasiyofuata taratibu zote za kiwakili. Kanuni zilizotungwa mwaka 2013 ziliruhusu malalamiko ya aina hiyo kuletwa hata kwa barua au kwa mdomo. Vifungu hivi vikisomwa vyenyewe ni vikavu kama orodha ya vifaa. Vikisomwa baada ya kesi ya bustani, mwanafunzi anaelewa kwamba viliandikwa na watu waliokumbuka mlango uliofungwa. Katiba hiyo ilitangazwa rasmi katika bustani hiyo hiyo tarehe 27 Agosti 2010.

Kesi ya pili iwe ya shule. Hapa ningetumia vipindi viwili au vitatu, kwa kuwa hakuna kesi inayowafaa wanafunzi wa umri huu kuliko ile ya msichana wa Kidato cha Kwanza aliyerudishwa nyumbani na shule moja ya Kibra mwezi Januari 2019 kwa sababu ya rasta alizofuga kichwani. Familia yake ilieleza kwamba wao ni wafuasi wa imani ya Rastafari. Baba yake alikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Septemba mwaka huo mahakama iliamua kwamba imani hiyo inastahili kuheshimiwa kama imani nyingine na kwamba kumwondoa shuleni kwa sababu ya nywele hizo kulikiuka haki zake.

Usiwape uamuzi huo mwanzoni. Gawa kesi katika karatasi nne. Ya kwanza iwe na matukio tu, kwa aya moja fupi, na wanafunzi wakiwa watatu watatu waandike ni haki gani wanayodhani imeguswa. Ya pili iwe na vifungu vyenyewe: cha 27 kuhusu usawa, cha 32 kuhusu uhuru wa dini na dhamiri, cha 53 kuhusu haki ya mtoto kupata elimu ya msingi, na cha 24 kuhusu mipaka ya haki. Ya tatu iwe na hoja ambazo shule yoyote katika hali hiyo ingezitoa: kwamba kanuni ni moja kwa wote, kwamba mzazi alizikubali alipomsajili mtoto, kwamba nidhamu ikilegezwa kwa mmoja itadaiwa na wengine. Ziandike hoja hizi kwa nguvu zake zote, kana kwamba wewe ndiye wakili wa shule, maana mwanafunzi asiyekutana na hoja nzuri ya upande wa pili hajifunzi sheria hata kidogo. Karatasi ya nne, yenye uamuzi na sababu zake, ibaki mezani kwako hadi kila kundi liwe limeandika uamuzi wake.

Moyo wa kazi yote uko katika Kifungu cha 24. Wanafunzi wengi huamini kwamba haki ama ipo kamili ama haipo kabisa, na kwamba kazi ya jaji ni kutafuta neno "haki" ndani ya Katiba na kumpa ushindi aliyelitaja. Kifungu hicho kinawafundisha kupima. Haki inaweza kuwekewa mpaka, lakini mpaka huo uwekwe na sheria, uwe wa busara, na uweze kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia inayothamini utu, usawa na uhuru. Ili kifungu kizima kisiwalemee, kigeuze kuwa maswali ambayo mwanafunzi anaweza kuyashika: Mpaka huu umewekwa na sheria gani? Unalenga kulinda nini? Je, kweli unakilinda? Na je, hakuna njia nyepesi zaidi ya kukilinda? Wakati huo huo waonyeshe Kifungu cha 25, ambacho kinataja machache yasiyowekewa mpaka wowote, kwa mfano kutoteswa, kutofanywa mtumwa, na kupata hukumu ya haki.

Swali la njia nyepesi ndilo hufungua akili. Katika shule moja niliyowahi kualikwa, msichana aliyepangiwa kutetea upande wa shule alisimama akasema kwamba rasta huchafuka kwa urahisi na kwamba shule ina wajibu wa kulinda usafi. Mwenzake wa upande wa pili hakubishana naye kuhusu uchafu. Alimwuliza tu, "Kama ni usafi, kwa nini kanuni haisemi usafi?" Msichana yule alitazama karatasi yake, akasoma tena kanuni tuliyokuwa tumeiandika, kisha akamgeukia mwalimu na kuuliza kama mteja wake anaruhusiwa kuibadilisha kanuni kabla ya hukumu. Hilo ni swali la wakili hasa, na lilitoka kwa mtoto ambaye dakika 40 kabla yake hakuwa amesoma kifungu hata kimoja cha Katiba.

Ili wasidhani kwamba mwanafunzi anayedai dini hushinda kila mara, waeleze kesi ya hijabu iliyotoka shule moja ya Isiolo inayofadhiliwa na kanisa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikubaliana na kanisa lililopinga wasichana Waislamu kuruhusiwa kuvaa hijabu pamoja na sare. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iligeuza uamuzi huo. Mwezi Januari 2019 Mahakama ya Juu iliuweka kando uamuzi wa Mahakama ya Rufaa, lakini kwa sababu ya kiutaratibu: wengi wa majaji waliona kwamba madai ya mzazi hayakuletwa mahakamani kwa njia ifaayo tangu mwanzo. Wanafunzi watakasirika, na hasira hiyo ni nafasi yako. Waulize ni kwa nini mahakama ikatae kujibu swali kubwa kwa sababu ya namna lilivyoulizwa, ilhali Kifungu cha 159 kinataka haki itendwe bila kuzingatia mno ufundi wa kiutaratibu. Kisha waulize upande wa pili angepata wapi nafasi ya kujibu madai ambayo hayakuletwa rasmi. Mimi binafsi naona kesi hii ni ngumu, na ningemwambia mwanafunzi hivyo waziwazi.

Sasa jiandae kwa jambo ambalo walimu wengi hawalitarajii. Mara tu wanafunzi wanapoanza kusoma Sura ya Nne, hawaanzii Ikulu; wanaanzia ofisi ya naibu mwalimu mkuu. Watakuonyesha Kifungu cha 29, kinachosema wazi kwamba mtu asiadhibiwe kwa kuchapwa, na watakuuliza kuhusu kiboko walichokiona wiki iliyopita. Watakusomea Kifungu cha 47, kinachompa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapomwathiri vibaya, na watauliza kuhusu mwenzao aliyesimamishwa masomo bila kusikilizwa. Nakusihi usiyazime maswali haya. Ukiyazima, utakuwa umewafundisha kwamba Katiba ni ya watu wa mbali. Zungumza na mkuu wa shule mapema, kabla ya kipindi cha kwanza, umweleze kwamba maswali haya yatakuja na kwamba ni afadhali yaulizwe darasani, mbele ya mwalimu na kwa adabu ya hoja, kuliko yaulizwe nje ya lango kwa mawe. Mweleze pia kwamba kanuni za shule zinaweza kupitia maswali ya Kifungu cha 24 na nyingi zikafaulu bila taabu. Kanuni ya kufika kwa wakati haina cha kuogopa.

Kuhusu ngazi za mahakama, sina mengi. Wanafunzi wako tayari wanazijua, na zitajieleza zenyewe ukifuata kesi moja ikipanda. Ninayoipendekeza ni ya wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ambao nyumba zao zilibomolewa mwaka 2011. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo. Mwezi Januari 2021 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba watu waliojenga makazi kwenye ardhi ya umma, hata bila hatimiliki, wana haki ya makazi inayolindwa na Kifungu cha 43, na kwamba jaji anaweza kutoa amri inayoitaka serikali irudi mahakamani kueleza hatua inazochukua. Kisha ikairudisha kesi Mahakama Kuu ili wakazi waamuliwe wapewe nini. Mpe mwanafunzi ramani ya Nairobi na miaka hiyo minne, umwambie achore safari ya kesi. Ataona Mahakama ya Juu ilivyo na majaji saba na inavyohitaji angalau watano kusikiliza kesi, kwa nini uamuzi wake unazifunga mahakama nyingine zote, na ni muda gani unaopita huku mtu aliyebomolewa nyumba akisubiri.

Hoja hiyo ya mwisho isipitwe. Mahakama haina askari wake, na amri yake hutekelezwa na watu wengine. Nafahamu kuna walimu wanaoficha ukweli huu wakihofia kwamba wanafunzi watakata tamaa na Katiba. Mimi naamini kinyume chake: mtoto aliyefundishwa kwamba hukumu ni mwisho wa mambo atakata tamaa siku atakapoona hukumu isiyotekelezwa, ilhali aliyefundishwa kwamba hukumu ni deni litakalodaiwa atauliza nani anadaiwa na tangu lini. Mfano upo wazi. Katiba inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanachama wa taasisi zinazochaguliwa au kuteuliwa. Mahakama zilisema mara kadhaa kwamba Bunge linapaswa kutunga sheria ya kutekeleza jambo hilo, na mwezi Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alifikia hatua ya kumshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kulitimiza. Bunge halikuvunjwa. Waache wanafunzi wajadili maana ya hayo bila wewe kuwapa jibu.

Sasa nije kwenye hofu ya mkuu wako wa shule. Ni hofu ya haki, kwa maana katika mji huu darasa moja linaweza kuwa na watoto ambao wazazi wao walipiga kura pande zote, na wengine waliopoteza jamaa katika vurugu za baada ya uchaguzi. Lakini kuziruka kesi za urais kabisa ni kuwaachia wanafunzi wajifunze habari zake kwenye simu. Nashauri uzifundishe, ila ziwe za mwisho, baada ya wao kuzoea kutenganisha aliyeshinda na sababu za kushinda. Anza na Kifungu cha 140: malalamiko yawasilishwe ndani ya siku saba baada ya matokeo kutangazwa, na Mahakama ya Juu iamue ndani ya siku 14. Kisha waeleze kwamba mahakama hiyo hiyo ilikataa malalamiko mwaka 2013, ikabatilisha uchaguzi tarehe 1 Septemba 2017, na ikakataa malalamiko tena tarehe 5 Septemba 2022, safari hiyo kwa kauli moja. Mwaka 2017 walioketi hadi uamuzi kutolewa ni majaji sita, na wawili kati yao walipinga uamuzi wa wenzao wanne.

Kazi ya darasa iwe kusoma dondoo mbili za mwaka 2017, moja ya wengi na moja ya wachache, ukiwa umeondoa majina ya wagombea na kuweka "Mgombea wa Kwanza" na "Mgombea wa Pili". Wengi walitilia mkazo namna uchaguzi ulivyoendeshwa na matokeo yalivyopeperushwa. Wachache waliona kwamba ushahidi haukutosha kuibatilisha kura iliyopigwa. Mwanafunzi aandike hoja bora zaidi ya upande ambao hakubaliani nao. Hili ndilo zoezi pekee ninalolijua linalopunguza joto la darasa bila kupunguza uzito wa jambo, kwa sababu mtu hawezi kulifanya huku akipiga kelele.

Kuna kesi nyingine ambayo wanafunzi wako wanaijua kutokana na yaliyotokea barabarani mwezi Juni 2024. Kabla ya Mswada wa Fedha wa 2024 uliosababisha maandamano hayo na hatimaye kuondolewa, kulikuwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Mahakama ya Rufaa iliitangaza sheria hiyo yote kuwa kinyume cha Katiba tarehe 31 Julai 2024, hasa kwa msingi wa kutoshirikisha umma ipasavyo, na mwezi Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Mwanafunzi atauliza, "Sasa nani alisema kweli?" Mjibu kwamba maneno "kushirikisha umma" yamo katika Kifungu cha 10, lakini Katiba haisemi ni vikao vingapi, wala kama Bunge linalazimika kumjibu kila aliyetoa maoni. Maneno mapana hujazwa maana na kesi, na watu waaminifu waliosoma sheria ile ile wanaweza kutofautiana. Tofauti hiyo huandikwa, husainiwa, na hubaki hapo ili kizazi kijacho cha mawakili kiisome upya. Kwa kesi ambayo bado iko mahakamani, hata hivyo, fundisha hoja za pande zote na usitabiri matokeo, wala usiwapigishe wanafunzi kura ya nani ashinde.

Unaniuliza pia, nadhani, kama mwalimu aseme maoni yake. Kuhusu kesi zenye mvutano wa kisiasa ningenyamaza. Kuhusu misingi, kwamba mtu asiteswe, kwamba mshtakiwa asikilizwe, kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata, sioni sababu ya mwalimu kujifanya hana upande. Kifungu cha 3 kinamtaka kila mtu aiheshimu na kuitetea Katiba, na mwalimu hakuachwa nje.

Ukiweza, wapeleke kwenye mahakama za Milimani. Mahakama huendesha kesi hadharani, isipokuwa chache kama zile za watoto, lakini piga simu mapema kwa ofisi ya msajili kwa sababu vyumba ni vidogo na siku nyingine hakuna cha kusikilizwa. Nashauri uwapeleke kwa hakimu wala si kwa majaji wa juu. Kwa hakimu wataona mashahidi wakiapa, mtu asiye na wakili akiuliza maswali kwa woga, mkalimani akigeuza maneno, na kesi ikiahirishwa kwa kuwa shahidi hakufika. Wape kazi moja tu ya kuangalia: kila mara hakimu anapotoa uamuzi, hata mdogo, waandike kama alitoa sababu na ilikuwa ipi. Wafundishe kusimama anapoingia, kuzima simu, na kutopiga picha.

Hukumu zote kubwa zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ni ndefu, nyingine kurasa mamia, kwa hiyo ni lazima uzipunguze hadi ukurasa mmoja: matukio, swali, kifungu, sababu, amri. Kazi hiyo itakuchukua jioni nzima kwa kesi moja, ila utaitumia miaka. Zipo nakala za Katiba kwa Kiswahili, na somo hili linanoga likifanywa kwa lugha ambayo mtoto anabishania nayo nyumbani. Kumbuka tu kwamba Kifungu cha 259 kinasema nakala zikitofautiana, ya Kiingereza ndiyo inayofuatwa, hivyo jambo likiwa tata fungueni zote mbili.

Mkiigiza kesi, usimpe kiti cha jaji yule msemaji hodari wa darasa. Majaji wachaguliwe kwa kuokota vikaratasi. Mawakili wakimaliza, usiruhusu makofi wala tangazo la papo hapo. Majaji waende na madaftari, na kipindi kinachofuata walete hukumu za maandishi, wakiwemo wanaotofautiana na wenzao. Nimeona maigizo mengi mazuri yakiharibika kwa sababu hukumu ilitolewa kwa sentensi moja huku kengele ikilia.

Na katika mtihani, wape tukio jipya ambalo hawajalisoma. Kwa mfano, mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa kimetumika kumshtaki kijana kwa maneno aliyoyaandika Facebook, kwa kuwa kilikuwa kipana na chenye utata kiasi kwamba mtu hangeweza kujua ni maneno gani yaliyokatazwa. Waandikie kifungu chenye maneno yanayofanana nacho, uwape Vifungu vya 24 na 33, uwaulize wangeamua nini. Toa alama sawa kwa anayekifuta na anayekiacha. Alama ziende kwa aliyetaja maneno yenyewe ya kifungu, aliyesema kinalinda nini, aliyekumbuka kuuliza kama kuna njia nyepesi, na aliyejibu hoja moja ya upande wa pili. Anayeandika tu "ni kinyume cha Katiba" bila sababu asipate kitu, hata kama mahakama nayo ilisema hivyo.